Mke Wangu, Bwana Nassoro na Bei ya Puju

Ninyi mnaosoma biashara mna tabia moja. Neno likiwashinda darasani, mnakuja kunipima nalo mimi. Juzi mmoja wenu, baada ya shikamoo na maneno ya adabu, kaniuliza kama nishawahi kusikia kitu kinaitwa ukwasi. Nikamwambia sijakisikia tu. Namjua hata mtu aliyekaribia kulia kwa kukikosa, na samaki waliomfikisha huko nilimwuzia mimi. Akacheka akidhani natania. Basi kaeni niwaeleze, maana maneno yenu hayo yote nimeyaona kwa macho, yamevaa kandambili na yananuka shombo.

Nilikuwa dalali wa mnada wa samaki. Diko letu, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, liko kusini ya mji wa Tanga, ukiwa njiani kwenda Tongoni. Wavuvi wanaleta, mimi nanadi, wachuuzi wananunua. Kila tenga linapouzwa dalali hukatiwa chake, na hicho chake kinafuata bei: bei ikipanda nami napanda, ikishuka nashuka nayo. Ndiyo kamisheni hiyo. Watu hudhani dalali anapiga kelele kwa sababu ana moyo wa furaha. Anapiga kelele kwa sababu ana asilimia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kombo, Mungu amrehemu, aliyekuwa na sauti ya kukwaruza kama mtu anayeburuta jahazi kwenye mawe. Alikuwa akiniambia nisimtazame mnunuzi usoni, kwa kuwa uso umezoea kusema uongo. Nitazame miguu. Anayemtaka samaki kwa kweli hujisahau akasogea mbele hata kama mdomo wake unasema samaki huyo kaoza. Nimeutumia ujuzi huo mpaka nastaafu, na hata leo nikienda kununua nyanya nasimama mbali na meza ili muuzaji asinisome.

Lakini mwanzo nilikuwa mbumbumbu. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nanadi samaki taa mmoja mkubwa, mpana kama jamvi. Fundi cherehani aliyekuwa anapita zake kwenda kazini akasimama kutazama. Inzi wakamwandama, akainua mkono kuwafukuza. Nikamhesabia kuwa kaongeza. Akawafukuza tena, nikapandisha tena. Mchuuzi aliyekuwa akishindana naye akaona huyu bwana ana hela za kutisha, akajitoa. Nilipogonga ndoo kumaliza mnada, fundi akawa mwenye taa mzito kuliko cherehani yake, naye hana habari.

Kukazuka ubishi. Mimi nikashikilia kuwa mkono umeinuka na mnada ni mnada. Mzee Kombo akaja polepole, akasikiliza, akaamua. "Mkataba ni wawili kukubaliana juu ya kitu kimoja. Huyu kakubaliana na inzi." Taa nikamlipia mimi, na nyumbani tukamla mpaka paka akaanza kukimbia akimwona. Kwa hiyo mkiulizwa mkataba ni nini, msianze na karatasi na mihuri. Anzeni na kukubaliana.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba bei haijaandikwa kwenye mapezi ya samaki. Nguru yuleyule, uzito uleule, Jumatatu utamnadi mpaka koo likauke na watu wanakutazama kama unaomba msaada. Ijumaa, kuna harusi Raskazone, wapishi wawili wamekuja kila mmoja na gari lake, na nguru waliofika ni watatu tu: hapo hata kabla hujafungua mdomo watu wanakanyagana. Samaki hajabadilika. Kilichobadilika ni wangapi wanamtaka na wangapi wapo. Ninyi mnaita mahitaji na ugavi, mnachora na mistari miwili inayokatana. Mimi nilikuwa naijua mistari hiyo kwa viatu vyangu, maana siku ya harusi nilikuwa nakanyagwa.

Sasa niwaingize kwenye kisa chenyewe, na kisa chenyewe kina mke wangu ndani.

Mwantumu, ambaye wengi wenu mnamwita bibi, alikuwa mkaanga samaki. Ana karai, ana jiko, ana meza njia panda, na kila asubuhi anakuja dikoni kununua pamoja na wanawake wenzake. Hebu fikirini: muuzaji anapaza sauti bei ipande, mnunuzi anaomba bei ishuke, na usiku wanalala chandarua kimoja. Mkisikia mgongano wa maslahi, mimi nilikuwa naamka nao na kuusalimia. Tuliwekeana sharti kwamba habari za samaki zinabaki dikoni. Wavuvi hawakuamini, wakidhani nampunguzia. Yeye naye hakuamini, akidhani namkomoa makusudi ili nionekane mwadilifu. Ukweli ni kwamba hilo la pili lilitokea mara chache.

Hela zake alikuwa akizifunga kwenye khanga: pindo la kulia mtaji, pindo la kushoto faida. Mtoto akiomba ya daftari, linatazamwa pindo la kushoto. Kama halina kitu, daftari linasubiri, na pindo la kulia haligusi mtu hata aje na machozi. Rafiki yake, Mama Zuhura, alikuwa na pindo moja tu. Akiuza samaki wote anafurahi, anasema leo kapata, ananunua soda. Mwantumu anamwuliza: "Na mafuta yalikuja kwa miguu? Mkaa ulijileta?" Hapo ndipo Mama Zuhura anaanza kutoa mafuta, anatoa mkaa, anatoa ushuru wa meza, na soda inaanza kumkwama kooni. Aliyoyaona kwanza ni mauzo. Yaliyobaki baada ya kutoa ndiyo faida. Wengi mtafungua biashara na mtakufa nazo kwa kutojua tofauti ya hayo mawili, kwa hiyo kama mnasinzia, sinzieni baadaye.

Akaja Bwana Nassoro. Mtu wa mjini, anaishi Raskazone, mwenye salamu zisizo na haraka na shati lisilo na kunyanzi. Alikuwa amejenga chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, na alikuja na kirikuu jeupe, kile kigari kidogo cha mizigo. Asubuhi ya kwanza alinunua matenga mawili. Ya pili akanunua nusu ya mnada. Wiki haikwisha akawa ananunua kila kitu, na kila mwanamke akiinua bei yeye anaweka ya juu kidogo, kwa upole, kama mtu anayekuongezea sukari kwenye chai.

Wavuvi walifurahi. Msemaji wao, Nahodha Rajabu, Mdigo mwenye maneno machache, alimnunulia mkewe godoro jipya. Nami sitawaficha, nilifurahi pia, kwa ajili ya ile asilimia. Niliimba bei kuliko nilivyowahi kuimba.

Nyumbani nikakuta karai limegeuzwa kifudifudi. Mwantumu siku ile alikiuka lile sharti letu.

"Baba Saidi, yule hanunui samaki. Ananunua diko."

Nikamwambia soko ni huru, mwenye hela ndiye mnunuzi. Akaniuliza kama nimewahi kujiuliza samaki wale anawauza wapi kwa faida, ikiwa kawanunua kwa bei wanayouzwa mjini wakiwa wamekaangwa. Sikuwa nimejiuliza. Akanieleza taratibu, huku anachambua mchele. Yule bwana anakubali hasara leo ili wao wakaanga samaki wachoke, wafunge meza, watafute kazi nyingine. Wakishatoweka, mnunuzi atabaki mmoja. Hapo atasema bei anayoitaka yeye, na wavuvi watakubali kwa kuwa samaki hasubiri. Na mimi nitaimba mbele ya mtu mmoja kama kichaa. Ninyi mnaita ukiritimba, na mnafundishwa kwamba ni muuzaji mmoja asiye na mwenzake. Ongezeni kwenye daftari zenu kwamba hata mnunuzi mmoja asiye na mwenzake ni ukiritimba, na huyo anauma vilevile.

Nikamwuliza watafanya nini. Akanituma mkaa. Nyumbani mkaa ulikuwepo gunia zima, lakini nikaelewa nikaenda. Niliporudi, wanawake wanane walikuwa uani kwangu, na walipuliza chai kimya mpaka nilipopita.

Kulipokucha, tenga la kwanza lilikuwa la puju. Kwa wasiomjua, puju ni samaki mwenye ngozi ngumu kama kiatu cha polisi. Analiwa, na mwenye kumjua hummenya akala vizuri, lakini hakuna aliyewahi kumpigania. Nikaanza chini, kwa heshima. Mwantumu akaongeza. Bwana Nassoro akaongeza. Mama Zuhura akaongeza. Bwana Nassoro akaongeza. Akaingia mwingine, na mwingine, na puju akapita bei ya changu, akapita bei ya kolekole, akawa anakwenda kwenye bei ya nguru wa harusi. Mimi nikatazama miguu. Bwana Nassoro alikuwa kasogea mbele hatua nzima, kazoea kushinda. Wanawake wote walikuwa wamesimama kwa visigino, tayari kurudi nyuma. Nikajua hawamtaki puju, wanampandishia bei tu.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Dalali kazi yake ni kusema bei iliyotajwa, si kusema nia ya aliyeitaja. Na ile asilimia pia ilikuwa na maoni yake.

Walikwenda hivyo siku kadhaa. Anachukua puju kwa bei ya nguru, na nguru kwa bei ambayo sijui niifananishe na nini. Nao wale wanawake, kwa kuwa hawana samaki wa kukaanga, wakawa wanakaanga mihogo na bagia kwenye makarai yaleyale na mafuta yaleyale, wanauza na chachandu ya pilipili. Faida ilikuwa ndogo, lakini pindo la kulia halikuguswa. Mkisoma kwamba mfanyabiashara asiweke tegemeo lake lote kwenye bidhaa moja, someni huku mnakula muhogo.

Msidhani ulikuwa mchezo wa bure. Asubuhi moja Mwantumu alikuwa anapandisha tenga la puju kama kawaida. Akataja bei ya kuchekesha. Nikamgeukia Bwana Nassoro. Bwana Nassoro akatazama simu yake. Nikarudia bei. Akaendelea kuitazama simu. Mke wangu akanitazama mimi, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kutazamwa vile, si wakati wa kuposa wala wakati wa uchungu wa mtoto. Nikaita mara ya kwanza. Nikaita ya pili kwa kuchelewa, nikakohoa, nikanywa maji. Nahodha Rajabu, mwenye tenga, alikuwa kasimama ubavuni kwangu anahesabu vikohozi vyangu. Nikaita ya tatu, nikagonga ndoo.

Mwantumu akalipa taslimu kutoka pindo la kulia, mbele za watu. Mkisikia hatari katika biashara, ndiyo ile. Anayepandisha bei ya kitu asichokitaka lazima awe tayari siku moja kupelekwa nacho nyumbani. Tulikula puju wa kuchemsha, wa nazi, wa kukausha. Nilipojaribu kutania kwamba ni samaki ghali kuliko wote mjini, nikaambiwa ninyamaze nile mtaji wake.

Lakini kuona Bwana Nassoro akiitazama simu kulimfumbua Mwantumu macho. Mtu mwenye hela haachii. Aliachia kwa sababu hela zinamwishia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Chumba chake cha baridi kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Mahoteli ya mjini yalikuwa yanachukua nguru na kamba, na kwa kiasi. Puju hakuna hoteli iliyomtaka. Nani hula puju mjini? Wanaonunua samaki wa kukaanga njia panda. Na nani anawakaangia? Wale aliokuwa anataka wafunge meza. Alikuwa tajiri, mali yake ipo, unaweza kuishika ikakugandisha vidole, lakini huwezi kumlipa mvuvi kwa puju uliyemnunua kwake. Huko ndiko kukosa ukwasi, wanangu. Ukwasi si kuwa na mali. Ni kuwa na mali inayoweza kugeuka hela siku unayozitaka hela.

Akawaomba wavuvi wampe samaki kwa mkopo, naye atawatumia hela kwenye simu Ijumaa. Alisema kwa uungwana, mkono kifuani. Nahodha Rajabu akamjibu kwa uungwana vilevile kwamba injini ya boti haijui Ijumaa, inataka mafuta leo. Wavuvi wakamgeukia dalali. Nikaanza kunadi, na wanawake wakafungua mapindo ya kulia wakanunua mnada mzima, kwa bei ya kawaida, wakati Bwana Nassoro kaegemea kirikuu lake akiwaangalia.

Jioni alikuja kwangu. Hakuja kwa ajili yangu, mimi nilipewa salamu tu. Alikaa na Mwantumu, wakazungumza kama watu wazima. Puju wote na vibua wakauzwa kwa wanawake kwa bei waliyoitaja wao, naye akabaki na mahoteli yake. Tena wakaafikiana kwamba atawauzia barafu, na siku samaki wakizidi watawahifadhi kwake kwa malipo. Alikula bagia nne kabla ya kuondoka. Hadi leo chumba kile kinafanya kazi na yule bwana anaishi vizuri, kwa hiyo msimwonee huruma kupita kiasi.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri, na Mwantumu angependa niishie hapo. Lakini hakikuishia hapo.

Wanawake wale walikuwa wamejifunza kitu kitamu: kwamba wanane wakisema kitu kimoja, bei inawasikiliza. Sasa Bwana Nassoro hayupo tena kushindana nao. Asubuhi moja nikanadi tenga la tasi wazuri, wanang'aa. Mwantumu akataja bei ya chini. Nikazungusha macho. Kimya. Mama Zuhura anatazama mawingu. Mwingine anafunga kilemba upya. Nikaimba mpaka mishipa ikanitoka, hakuna aliyeongeza. Tenga la pili, Mama Zuhura akataja bei ya chini, na Mwantumu akatazama mawingu. Wanapokezana. Baadaye wanagawana uani kwangu, kwenye jamvi langu, huku mimi nimetumwa mkaa.

Mnajifunza kwamba wafanyabiashara wakila njama kupanga bei ni kosa, na mnadhani ni watu wa suti kwenye vyumba vyenye viyoyozi. Hawa walikuwa na mabaibui na vikombe vya chai.

Wavuvi walivumilia kidogo, kisha Nahodha Rajabu akanijia. Hakugomba. Alikaa kwenye ndoo niliyokuwa nagongea mnada, akawasha sigara.

"Kaka Mbwana, mkeo ananunua, wewe unauza, sisi tunavua. Katika hao watatu, mjinga ni nani?"

Akaniambia wamekwisha kukubaliana kwamba wiki ijayo watapeleka samaki kwenye diko jingine, kule mbele kuelekea Tongoni, ambako bei si nzuri sana lakini dalali hajaoa mnunuzi. Nilimwomba anipe siku chache. Akanipa, ila hakunipa na sigara, na hapo nikajua amekasirika kweli.

Nikamweleza Mwantumu. Nilimwambia boti zikihama hakutakuwa na samaki wa bei ya chini wala ya juu, na mimi sitakuwa na kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nassoro alipopandisha bei ukaniambia soko ni huru," akasema. "Sisi tukishusha, uhuru umekwisha?"

Nikamwambia alilotaka kufanya Nassoro ndilo wanalofanya wao. Akasema Nassoro hakuwa na watoto wanaosubiri pindo la kushoto. Hapo wote wawili tulikuwa na haki, na hilo ni jambo baya sana katika nyumba. Aliwapelekea wenzake habari, wakasema wavuvi wanatishia tu.

Basi nami nikafanya kijihila changu. Nilikuwa namjua kijana mmoja wa Muheza, Paulo Shekiondo, Mbondei, mtu wa kanisa na mwenye akili ya haraka, aliyekuwa anauza samaki vijijini kwa pikipiki. Nikampigia simu nikamwuliza kwa nini ahangaike kununua mjini wakati kwetu tasi wanauzwa kwa bei ya bure. Sikumwambia kingine. Nikamwomba tu kwamba akija na rafiki zake haitakuwa vibaya.

Alikuja nao sita, kila mmoja na deli la barafu nyuma ya pikipiki. Walizima injini, wakapanga mstari, wakawasalimia wale wanawake wote kwa adabu: shikamooni mama zetu. Wakaitikiwa marahaba kwa sauti ambayo ingeweza kuwasha mkaa. Nikaanza mnada. Mwantumu akataja bei ya chini. Kimya cha kawaida. Kisha Paulo, kwa woga kidogo, akaongeza.

Mama Zuhura akasahau mawingu. Siku hiyo alikuwa na oda ya shughuli ya maulidi na hakuweza kurudi mikono mitupu. Akaongeza juu ya Paulo. Mwantumu akamgeukia, na Mama Zuhura akajifanya hakumwona. Wa tatu alipoona Mama Zuhura kaongeza, naye akaongeza, na njama yote ikafumuka pale pale kama mshono wa ovyo. Ndivyo zinavyofumuka zote. Kila mmoja anataka wenzake wasimame, yeye apite. Bei ikarudi mahali pake pa haki, kidogo juu ya ilipokuwa zamani, kwa kuwa sasa wanunuzi wameongezeka. Nahodha Rajabu akanipa sigara. Mimi sivuti, nikaiweka sikioni.

Ushindani ni huo. Si uadui na si ubaya wa mtu. Ni kwamba anayekupa bei ndogo ajue pana mwingine nyuma yake mwenye pikipiki.

Paulo alikuwa na haraka ya kuondoka, lakini tairi likamletea matata, na rafiki zake wakatangulia. Adhuhuri ikamkuta yuko dikoni bado, na kwetu mgeni haachwi na njaa. Nikamkaribisha nyumbani. Njiani nilikuwa natafakari maneno ya kumwambia mke wangu, maana alikuwa hajui nani aliyempigia Paulo simu. Au nilidhani hakujua.

Alitupokea vizuri kupita kiasi. Maji ya kunawa, jamvi safi, mchuzi wa nazi unanukia hadi barazani. Akaweka katikati yetu sahani moja yenye kipande kimoja cha nguru, kikubwa, kimekaangwa kikaiva rangi ya dhahabu. Kisha hakuondoka. Akasimama, akachukua mwiko, akagonga ukingo wa karai.

Akaanza kunadi. Alinadi kwa sauti yangu, na vituo vyangu, hata kile kikohozi changu cha kuvuta muda. Alisema nguru ni mmoja, wanaomtaka ni wawili, na mmoja wao katoka Muheza na ana njaa ya safari. Paulo alidhani ni mzaha, akataja bei ya kirafiki. Mwantumu akanigeukia mimi. Nikacheka. Hakucheka.

Maisha yangu yote nimesimama upande wa kuita. Sikuwahi kusimama upande wa kuitwa. Nikaongeza kidogo. Paulo, ambaye sasa alikuwa kalishika lile jambo na anafurahia, akaongeza kidogo zaidi. Nikaongeza tena, na nikaona Mwantumu hanitazami usoni. Anaitazama miguu yangu. Nikaiangalia nami. Nilikuwa nimeshatoka kwenye jamvi, nimesogea mpaka vidole vinagusa sahani.

Aliita mara ya kwanza, mara ya pili, akanywa maji, akaita ya tatu. Nguru akawa wangu kwa bei ambayo sijawahi kumnadia mtu. Nikatoa hela mfukoni nikamkabidhi. Akazihesabu, akazigawa: nyingi zikaenda pindo la kushoto. Kidogo akazishika mkononi, akasema hizo ni za dalali.

Paulo akapewa nguru mwingine, mkubwa kuliko wangu, bure, kwa kuwa ni mgeni. Wangu nilimla polepole. Alikuwa ghali, na alikuwa mtamu. Nilipofika katikati Mwantumu akaniuliza kwa upole kama nitapenda na wali. Nikamwuliza kwanza wali ni bei gani.